Dawa Inapokosa Nguvu: Usugu wa Vijidudu na Wajibu wa Vyama vya Msingi

Kila mwaka msimu wa kilimo unapoanza, wanachama wengi wa vyama vya msingi vya wakulima wa mpunga katika Bonde la Kilombero hufunga nyumba zao vijijini na kuhamia mashambani. Huko mbugani, mbali na zahanati na maduka, hukaa katika vibanda na madungu kwa wiki nyingi, na familia nyingine kwa miezi kadhaa, wakilima, wakipanda, wakipalilia na kuamia mpunga usiliwe na ndege. Katika mzigo wa safari hiyo hamkosekani jembe, mbegu, sufuria na chandarua. Aghalabu hamkosekani pia karatasi ndogo iliyofungwa vidonge vichache vilivyobaki katika ugonjwa wa mwaka jana. Mtoto akishikwa na homa usiku, vidonge hivyo ndivyo zahanati iliyo karibu.

Desturi hiyo haikuzaliwa na ujinga. Imezaliwa na umbali, na tope, na ukata wa fedha kabla ya mavuno. Hata hivyo ni mojawapo ya desturi ambazo, zikijumlishwa na makosa ya wauza dawa, ya waganga na ya wafugaji, zinazivua dawa nguvu zake. Jambo hili huitwa usugu wa vijidudu dhidi ya dawa. Yafaa kila Katibu na kila mwanachama aelewe usugu huo ni nini, huzaliwaje, umekwisha kuligharimu nini bonde hili na taifa zima, na chama cha msingi kinaweza kufanya nini juu yake.

VIJIDUDU NI VYA NAMNA NYINGI

Kwanza hapana budi kutenganisha mambo ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Maradhi ya kuambukiza huletwa na vijidudu vya namna mbalimbali. Vipo vimelea, kama vile kile cha malaria kinachoenezwa na mbu. Vipo virusi, viletavyo mafua, surua na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto wadogo. Na wapo bakteria, wasababishao kifua kikuu, homa ya matumbo, kipindupindu, baadhi ya homa za mapafu na usaha wa vidonda. Kila kundi lina maumbile yake, na dawa iuayo kundi moja aghalabu haina nguvu juu ya kundi jingine.

Dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaliane huitwa viuavijasumu. Madukani watu huzijua zaidi kwa majina ya kila moja: penisilini, amoksilini, tetrasaiklini, Septrin, siprofloksasini. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928 na Alexander Fleming huko London, alipoona kwamba ukungu ulioota katika kisahani cha maabara umewaua bakteria waliouzunguka. Ilianza kutumiwa kwa watu wengi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1943 dawa nyingine, streptomaisini, ilipatikana Marekani kutokana na vijidudu viishivyo udongoni, nayo ikawa ya kwanza katika jamii hiyo kuwa na nguvu juu ya kifua kikuu.

Dawa hizi hazifanyi kazi kwa njia moja. Penisilini na jamaa zake humzuia bakteria asijenge ukuta wa mwili wake, na bakteria aliyekosa ukuta hupasuka na kufa. Tetrasaiklini huziba mahali ambapo bakteria hutengenezea protini zake. Septrin humnyima kirutubisho ambacho hujitengenezea mwenyewe ili apate kuzaliana. Siprofloksasini huvuruga kazi ya kunakili urithi wake. Mwili wa binadamu hauna ukuta wa namna ile, wala haujitengenezei kirutubisho kile, na kwa ajili ya tofauti kama hizo dawa huweza kumwua bakteria na kumwacha mgonjwa akiwa salama.

Virusi navyo havina ukuta huo, wala havina karakana yao wenyewe. Hutumia karakana ya chembechembe za mwili wa mgonjwa. Kwa hiyo kumpa amoksilini mtoto mwenye mafua ni sawa na kunyunyiza dawa ya magugu ili kufukuza ndege shambani. Fedha imetoka, sumu imemwagwa, na ndege wanaendelea kula.

USUGU HUZALIWAJE

Bakteria huzaliana kwa kujigawa. Baadhi yao, wakipata joto na chakula cha kutosha, hujigawa kila baada ya dakika 20. Bakteria mmoja wa namna hiyo, asipozuiwa na kitu, huweza katika muda wa saa 10 kuwa zaidi ya 1,000,000,000. Katika umati kama huo hutokea makosa madogo katika kunakili urithi, na mara moja moja kosa humpa bakteria uwezo ambao wenzake hawana. Mmoja hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi yake. Mwingine huwa na namna ya pampu inayoitapika dawa kila inapoingia. Mwingine amebadilika mahali pale ambapo dawa hupaswa kushika, kama mlango uliobadilishwa kufuli, hata ufunguo wa zamani haufai tena.

Pasipo dawa, bakteria huyo ni mmoja tu katika umati, wala uwezo wake haumpi faida kubwa. Dawa ikiingia, wenzake walio dhaifu hufa, naye hubaki na chakula chote na nafasi yote. Mkulima wa mpunga anaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa shamba lake: dawa ile ile ya magugu ikinyunyizwa miaka mingi mfululizo, magugu yaliyo dhaifu hutoweka, na yale machache yasiyosikia dawa huirithi ardhi. Dawa haikuyafundisha ukaidi. Iliyachagua tu.

Bakteria wana hila moja zaidi ambayo magugu hayana. Wao huweza kupeana urithi wa usugu hata kama si wa ukoo mmoja, mithili ya mtu anayemwazima jirani jembe. Kwa njia hiyo usugu uliozaliwa katika bakteria asiye na madhara, aishiye tumboni mwa kuku au mwa mtu, huweza kuhamia kwa bakteria aletaye maradhi.

Hapa kuna kosa moja la kusahihisha. Watu husema, "Mwili wangu umeizoea dawa hii." Mwili haukuizoea, bakteria ndio waliokuwa sugu. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kama mwili ndio ungezoea, hasara ingekuwa ya mtu mmoja. Lakini maadam sugu ni bakteria, yeye huhama kutoka kwa mtu hadi mtu kwa mikono, kwa maji, kwa choo kibovu na kwa chakula, na humpata mtoto wa jirani ambaye hajapata kumeza kidonge hata kimoja tangu kuzaliwa kwake. Fleming mwenyewe alilitambua hilo mapema. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba mtu ajitibuye kwa penisilini kidogo mno huweza kuwafundisha vijidudu kuistahimili, kisha akawaambukiza wa nyumbani mwake.

BONDE LIMEKWISHA KULIPA GHARAMA HII

Wakazi wa Kilombero hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Malaria haisababishwi na bakteria, lakini kanuni ya usugu ni ile ile. Kwa miongo mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba, rahisi na yenye kuaminika. Kidogo kidogo vimelea vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania Bara ikaiacha, ikaweka mahali pake dawa ya SP. SP nayo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ilianza kutolewa dawa mseto ya ALu, iliyounganisha dawa mbili ili kimelea kikiponyoka kwa moja kikamatwe na nyingine. Sehemu ya utafiti ulioisaidia nchi katika safari hiyo ulifanyika hapa hapa bondeni, katika taasisi iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Profesa Rudolf Geigy wa Basel, na ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Hesabu ya mambo hayo ni nzito. Dawa mbili zilizokuwa za bei nafuu zilipotea katika muda mfupi, na kila dawa iliyofuata iligharimu zaidi. Wala hatari haijakwisha, kwani katika miaka ya karibuni vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, iliyo nguzo ya dawa mseto, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Eritrea, na nchini Tanzania katika Mkoa wa Kagera.

Hata hivyo yako mafunzo mawili ya kutia moyo. La kwanza latoka Malawi. Nchi hiyo iliacha klorokwini mwaka 1993, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba vimelea sugu vilikuwa vimetoweka na klorokwini imerudiwa na nguvu zake. Si kila kijidudu hurejea hivyo, na kwa bakteria jambo hilo ni gumu zaidi. Lakini yaonekana kwamba kuipumzisha dawa si kazi bure.

Funzo la pili ni la kifua kikuu, nalo lawahusu Makatibu moja kwa moja. Streptomaisini ilipotumiwa peke yake, bakteria wa kifua kikuu waliishinda katika miezi michache, na ikabidi dawa zitolewe mbili au tatu pamoja. Majaribio yaliyoanza Afrika Mashariki mwaka 1970 yalisaidia kuonyesha kwamba, kwa kutumia rifampisini pamoja na dawa nyingine, tiba iliyokuwa ikichukua miezi 18 huweza kumalizika kwa miezi 6. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na utaratibu wake ukaja kuwa mfano kwa nchi nyingi. Nguvu ya utaratibu huo haikuwa dawa peke yake. Ilikuwa daftari: kila mgonjwa aliandikwa jina, tarehe ya kuanza dawa, vipimo vyake na mwisho wake, kama amepona, amekufa au ametoroka. Pasipo daftari hilo, dawa zile zile zingetolewa ovyo na kuzalisha usugu. Katibu yeyote aliyewahi kulinganisha stakabadhi na mizani ya ghala atafahamu mara moja kwa nini.

HOMA ZA WATOTO WA IFAKARA

Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofikishwa katika vituo vya tiba vya Dar es Salaam na Ifakara. Hawakuridhika na kipimo cha malaria tu. Walitafuta virusi, bakteria na vimelea vya kila namna. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliwashangaza wengi. Watoto 70.5 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya virusi, 22 walikuwa na maradhi ya bakteria, na 10.9 walikuwa na maradhi ya vimelea. Jumla inapita 100 kwa kuwa baadhi ya watoto walikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja. Malaria yenyewe ilionekana kwa watoto 10.5 katika 100.

Maana yake ni kwamba, katika watoto kumi wenye homa waliofika vituoni, karibu wanane hawakuwa na bakteria wa kuuawa na kiuavijasumu. Zamani watoto hao wote wangeitwa wagonjwa wa malaria na kupewa klorokwini. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kipo hadi zahanati, na hilo ni jema. Lakini limezaa kosa jipya. Kipimo kikisema hakuna malaria, mganga huona aibu kumwacha mama arudi mikono mitupu, na mama naye huona hakutibiwa. Hapo huandikwa kiuavijasumu, pasipo dalili ya bakteria, ili kila mmoja aridhike.

Kwamba kosa hilo laweza kurekebishwa bila ya kuwadhuru watoto kumeonekana katika mikoa ya Mbeya na Morogoro. Katika miaka ya 2021 na 2022 vituo 20 vya afya vilipewa chombo cha kielektroniki kinachomwongoza mganga swali kwa swali, pamoja na vipimo vichache rahisi, na vikalinganishwa na vituo 20 vilivyoendelea kama kawaida. Katika vituo vya kawaida watoto wapatao 70 katika 100 waliandikiwa viuavijasumu. Katika vile vyenye chombo hicho walikuwa 23 tu, na watoto hao walipona sawasawa na wenzao.

Haifai mtu kusoma habari hizi akadhani kwamba viuavijasumu ni dawa mbaya. La hasha. Wale watoto wawili wenye bakteria wanavihitaji, tena upesi, na ndio watakaopata hasara kubwa kuliko wote siku vitakapokosa nguvu. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 na 2002 juu ya watoto waliolazwa ulionyesha kwamba, miongoni mwa wale ambao damu yao ilikuwa imeingiwa na kundi moja la bakteria wakali, walikufa 43.5 katika kila 100. Vifo vya waliolazwa kwa malaria vilikuwa 20.2 katika 100. Mojawapo ya mambo yaliyoongeza vifo hivyo ni kupewa dawa ambayo bakteria wameshakuwa sugu nayo. Wazazi walifika, dawa ilikuwapo, sindano ilipigwa. Lakini dawa haikufanya kazi. Kwa dunia nzima, wataalamu walikadiria kwamba usugu wa bakteria uliua watu 1,270,000 katika mwaka 2019 peke yake.

Tena si homa za watoto tu. Mama anayepasuliwa ili ajifungue, kijana aliyekatwa na panga shambani, mzee anayefanyiwa operesheni ya ngiri, wote hupona kwa sababu ipo dawa ya kuwazuia bakteria wasiingie katika jeraha. Ikiondoka dawa hiyo, operesheni ndogo yageuka kuwa bahati nasibu.

DAWA MPYA HAZIJI UPESI

Pengine msomaji atauliza: kama za zamani zimechoka, kwa nini zisitengenezwe nyingine? Zinatafutwa, lakini mavuno ni haba. Nyingi za dawa hizi zilitoka kwa vijidudu vya udongoni, na zile zilizokuwa rahisi kuonekana ziligunduliwa zamani, hasa kati ya miaka ya 1940 na 1960. Tangu hapo aina zilizo mpya kabisa zimekuwa chache mno. Kutengeneza dawa huchukua miaka mingi na fedha nyingi, ilhali kiuavijasumu kipya hupaswa kuwekwa akiba na kutumiwa mara chache, kwa hiyo makampuni hayaoni faida.

Wengine hutumaini miti shamba. Tumaini hilo lina msingi, kwani artemisinini yenyewe ilitoka katika mmea uliotumiwa tangu kale nchini China, na aliyeitambua, Tu Youyou, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nchini Tanzania pia mimea hupimwa katika maabara. Lakini yafaa ieleweke kwamba mmea unaoua bakteria katika kisahani si lazima uponye mgonjwa; hapana budi ujulikane kipimo chake, madhara yake na kiasi kinachofika katika damu. Mpaka hapo, kutegemea majani peke yake kwa mtoto mwenye homa ya mapafu ni kuucheza uhai wake.

MIFUGO NA KUKU

Dawa za jamii ile ile hutumiwa kwa wanyama. Tetrasaiklini hudungwa ng'ombe na huchanganywa katika maji ya kuku. Mnyama mgonjwa ana haki ya kutibiwa, na mfugaji ana haki ya kulinda mali yake. Taabu huanza pale dawa inapotolewa kwa kubahatisha, au kwa wanyama wazima ili wasiugue. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2006 kutumia viuavijasumu kama chakula cha kukuzia mifugo kwa sababu hiyo hiyo.

Mfano mmoja ulio karibu ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kuku wakianza kuanguka, wafugaji wengi hukimbilia tetrasaiklini. Kideri huletwa na kirusi, tetrasaiklini haikigusi. Kinga yake ni chanjo ya tone la jicho, na ipo chanjo inayostahimili joto iitwayo I-2 ambayo yafaa kwa vijiji visivyo na umeme, mradi kuku wachanjwe tena kila baada ya miezi mitatu au minne. Mfugaji anayenunua dawa badala ya chanjo hupoteza kuku, hupoteza fedha, na hubakiwa na bakteria sugu bandani.

Kadhalika mnyama aliyepewa dawa hubaki nayo mwilini kwa siku kadhaa. Maandishi ya chupa hutaja siku ambazo maziwa, mayai au nyama havifai kuliwa wala kuuzwa. Siku hizo zikipuuzwa, mlaji hunywa dozi ndogo ndogo za dawa kila asubuhi pasipo kujua.

YAWAPASAYO VYAMA NA WANACHAMA

Serikali ilitoa Mpango wa Taifa wa kupambana na usugu mwaka 2017, na wa pili ukafuata kuanzia mwaka 2023. Lakini mpango wa Taifa haufiki dunguni kwa miguu yake. Hufikishwa na watu, na chama cha msingi ni mojawapo ya mahali pachache ambapo wakulima wa kijiji hukaa pamoja, husomewa mambo na kupitisha maazimio. Mambo yafuatayo yamo katika uwezo wa kila chama.

(a) Mkutano wa kabla ya msimu. Ajenda moja iwe afya ya wanachama mashambani, na mganga wa zahanati aalikwe kueleza. Wanachama wenye mashamba jirani wakubaliane mapema ni nani mwenye pikipiki au mtumbwi, na ni fedha gani itakayotumika kumtoa mgonjwa usiku. Vidonge vya akiba vilichukua nafasi ya usafiri. Usafiri ukipatikana, haja ya vidonge hivyo hupungua.

(b) Mzigo wa dunguni. Yafaa kuchukua chandarua, sabuni, chombo cha kuchemshia maji, pakiti za chumvi chumvi za kuzuia upungufu wa maji, na vidonge vya zinki kwa mtoto anayehara. Kuhara kwingi kwa watoto hupona kwa hivyo. Mabaki ya viuavijasumu yasichukuliwe, yarudishwe zahanati.

(c) Dalili zisizongoja. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, atapikaye kila kitu, aliyepatwa na degedege, aliyelegea mno, au mwenye damu katika choo, apelekwe kituoni mara moja. Mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya homa ya mapafu. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa asicheleweshwe hata kidogo. Mtu mzima mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili apimwe kifua kikuu.

(d) Ununuzi wa dawa. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanza Ruvuma mwaka 2003 na kuenea Morogoro na mikoa mingine, yaliwekwa ili vijiji vipate wauzaji waliofundishwa. Dawa inunuliwe huko au kituoni, kwa cheti, dozi kamili, na imezwe kama ilivyoelekezwa hata kama homa imeshuka. Kununua vidonge viwili kwa kuwa fedha ni ya vidonge viwili ni kuwalisha bakteria. Mwanachama asimshurutishe mganga kumpa kiuavijasumu, na aulize bila haya, "Je, ugonjwa huu ni wa bakteria?"

(e) Duka la pembejeo la chama. Chama kinachouza dawa za mifugo kiwe na kibali, kiuze kwa ushauri wa afisa mifugo, na kiweke daftari lenye safu hizi: tarehe, jina la mwanachama, jina la dawa, aina na idadi ya wanyama, ugonjwa, kiasi, na tarehe ambayo maziwa, mayai au nyama vitaruhusiwa tena. Daftari hilo likaguliwe na kamati kama yakaguliwavyo mengine. Chanjo ya kideri iagizwe kwa pamoja, kwani chupa moja hutosha kuku wa wafugaji wengi.

(f) Kinga. Ugonjwa usiotokea hauhitaji dawa. Choo bora, maji yaliyochemshwa na kunawa mikono hukata njia ya bakteria, walio sugu na wasio sugu sawasawa. Chanjo za watoto zisikosekane kwa ajili ya kilimo. Tangu mwaka 2013 zimo pia za kukinga homa ya mapafu na kuhara kwa virusi vya rota. Tarehe ya chanjo ikiangukia wakati wa kupalilia, mama aruhusiwe kwenda, na jirani amwamie mpunga.

HITIMISHO

Ushirika ulijengwa juu ya fikira moja, kwamba ziko mali ambazo mtu mmoja hawezi kuzilinda peke yake: bei, ghala, mizani. Nguvu ya dawa ni mali ya namna hiyo. Anayeitumia ovyo haoni hasara siku ile. Hasara hupelekwa kwa mwingine, mahali pengine, na labda kwa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kwa ajili hiyo haitoshi kila mtu kujihurumia mwenyewe. Yahitaji azimio la pamoja, lililoandikwa katika muhtasari na kusimamiwa.

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Ndugu Makatibu wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa sauti katika mkutano wa kwanza kabla wanachama hawajatawanyika kwenda mashambani, na kuandika katika muhtasari ni mambo gani kati ya hayo sita chama kitayaanza msimu huu.